Jinsi ya Kupanda, Kutunza na Kutumia Lavenda Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kila mvua ndefu inapokaribia, maswali yale yale hunifikia kutoka kwa watu wanaoanza bustani ya mimea ya kunukia. Je, lavenda humea Kisumu? Mbona mche nilioununua ukiwa na maua umekauka baada ya mwezi mmoja, ilhali niliumwagilia kila jioni? Maua nikishayachuma niyafanyie nini? Je, nikiiweka dirishani mbu watakimbia? Nimekuwa nikimjibu kila mtu peke yake kwa muda mrefu, na sasa nayaweka majibu pamoja, hatua kwa hatua, ili anayeanza leo aweze kufuata kazi yote tangu udongo hadi kifuko cha maua ndani ya kabati la nguo.

Tuelewane kwanza juu ya neno moja, kwa sababu huku bara tunalitumia ovyo. Kinachonuka kina harufu mbaya. Kinachonukia kina harufu nzuri. Lavenda yenye afya hunukia hata isipokuwa na maua, kwa kuwa mafuta yake yamo katika vifuko vidogo mno vilivyo juu ya majani na masuke, navyo hupasuka mara tu kiganja au upindo wa nguo unapopita juu yake. Lavenda inayonuka, hasa ukiing'oa na kuisogeza mizizi karibu na pua, imekwisha oza. Weka tofauti hiyo akilini, maana utaihitaji utakapofika kwenye sehemu ya matatizo.

Angalia kwanza uko wapi

Asili ya lavenda ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe na chokaa, ambako kiangazi ni kikavu na maji ya mvua hayatuami. Mmea huu umezoea kiu na udongo hafifu, nasi huuua kwa ukarimu: maji kila siku, samadi debe zima, na kivuli cha mwembe ili usichomwe na jua.

Ukiwa Nakuru mjini, Lanet, Bahati au Njoro, nusu ya kazi imekwisha kufanywa kabla hujashika jembe. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku huwa na ubaridi, na sehemu kubwa ya udongo imetokana na majivu ya volkeno ya Menengai. Ni udongo mwepesi, wenye vijiwe vyeupe-kijivu vilivyojaa matundu, ambavyo ukivitupia kwenye ndoo ya maji vingi huelea. Watu wengi huvichambua na kuvitupa nje ya ua wanapolima. Usivitupe, kwa kuwa hakuna kitu bora zaidi cha kuchanganya na udongo wa lavenda, na wewe umekipata bure.

Molo na Mau Narok kuna baridi ambayo mmea huu huipenda, lakini udongo una asidi, kama ulivyo Kericho, Kisii na Kakamega. Kakamega huongezewa mtihani wa mvua, kwani mwaka mmoja unaweza kuleta milimita 2,000 hivi. Katika maeneo haya yote utahitaji tuta lililoinuliwa na chokaa ya shambani, au uamue kutumia chungu.

Kisumu ni habari nyingine. Mji uko kwenye mita 1,130 hivi, joto halishuki sana usiku, hewa ya ziwa ina unyevu, na kwenye tambarare za Kano udongo ni mweusi, wa mfinyanzi, unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Lavenda ukiipanda ardhini mahali kama hapo itakufa. Ukiitaka sana, ipande chunguni na uiweke barazani panapopata jua la asubuhi na upepo. Wanaoishi kwenye vilima vya Riat wana nafuu kidogo, kwa sababu ya mwinuko na mteremko.

Hata hivyo, ningemshauri mtu wa Kisumu asiifanye lavenda kuwa nguzo ya bustani yake. Mrehani huota kwa siku chache katika joto lile, mchaichai hupandwa kwa kugawanya shina tu, rosemari hustahimili ikiwa maji hayatuami, na asumini ikipewa ukuta wa kupanda hunukia usiku hadi chumbani. Ndugu zetu wa pwani, wanaoishi katika joto na unyevu kama huo, wamejenga utamaduni mzima wa kunukia juu ya asumini, mrehani na waridi, na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia anachovaa bibi harusi, hakijawahi kuhitaji lavenda. Hatua za kupanda na kumwagilia zilizo hapa chini zinafaa pia kwa rosemari. Mrehani na mchaichai huhitaji maji zaidi na udongo wenye rutuba zaidi.

Ijue aina unayonunua

Mara ya kwanza nilinunua miche ishirini kando ya barabara, na muuzaji akaniapia kwamba ni lavenda ya Kiingereza, ile yenye mafuta ya bei. Baada ya wiki kadhaa nikalishika jani moja na kulitazama dhidi ya mwanga. Ukingo wake ulikuwa na meno madogo yaliyopangika kama ya kitana. Miche ilikuwa mizuri na ilinipa maua mengi, lakini si niliyoilipia. Tangu hapo huwa nalitazama jani kabla sijaitoa pesa mfukoni, nawe fanya hivyo.

Jani lenye meno ni la lavenda ambayo wataalamu huiita *Lavandula dentata*. Ndiyo inayoonekana zaidi katika vitalu vyetu, na ina sababu: hustahimili joto kuliko nyingine, na hutoa maua karibu mwaka mzima bila kudai msimu wa baridi. Harufu yake inakaribia rosemari na kafuri, kwa hiyo inafaa kwa vifuko, uzio wa bustani na nyuki, lakini si kwa chakula.

Jani jembamba, la kijivu, lenye ukingo laini usio na meno, ni la *Lavandula angustifolia*, ambayo huitwa ya Kiingereza ingawa asili yake si Uingereza. Hii ndiyo yenye harufu tamu na kafuri kidogo, na ndiyo pekee ninayoiruhusu jikoni. Inapenda ubaridi; Nakuru, Njoro na Molo inaweza, ila hutoa maua kwa kusitasita kwa sababu hatuna majira ya baridi ya kweli. Aina ya tatu ni chotara wa hiyo na ndugu yake mwingine. Ni ndefu, ina masuke makubwa na mafuta mengi yenye ukali, na haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo yeyote anayekuuzia mbegu za chotara huyo anakudanganya.

Anayeanza na aanze na ile yenye meno. Itamsamehe makosa ambayo nyingine haitayasamehe.

Vitu vya kuandaa

- Miche mitano au sita, au mmea wa jirani unaoweza kukatiwa vipandikizi.
- Mchanga wa mtoni uliooshwa, debe moja kwa kila debe mbili za udongo. Usitumie mchanga wa ujenzi wenye vumbi jingi, maana huganda kama saruji.
- Vijiwe vya volkeno au kokoto ndogo, gorogoro mbili kwa kila shimo.
- Mboji iliyoiva kabisa, konzi mbili tu kwa kila shimo. Samadi mbichi haitakiwi hata kidogo.
- Chokaa ya shambani kwa wenye udongo wa asidi. Majivu ya kuni, konzi moja kwa shimo, yanaweza kushika nafasi yake kwa bustani ndogo.
- Makasi makali ya kupogolea, na spiriti au maji ya jiki ya kuyapangusia.
- Kwa wa chunguni: chungu cha udongo cha upana wa sentimita 30 au zaidi, chenye tundu chini. Chungu cha udongo hupumua kuliko ndoo ya plastiki, lakini ndoo iliyotobolewa mashimo mengi nayo itafanya kazi.

Hatua za kufuata

1. Chagua mche, na usivutwe na maua. Mche uliojaa maua kitaluni umetumia nguvu zake kule juu. Chukua mfupi, mnene, wenye matawi mengi tangu chini. Uinue kidogo kutoka kwenye mkebe wake uone mizizi: iwe myeupe au ya rangi ya maziwa, wala isiwe imezungukazunguka chini kama kamba. Ukitaka kujaribu mbegu unaweza, lakini huota polepole na bila mpangilio, mara nyingi baada ya wiki mbili hadi nne, na miche haifanani. Mimi sizitumii tena.

2. Au kata vipandikizi. Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na mwenye mmea mmoja leo anaweza kuwa na ishirini mwakani. Asubuhi, chagua tawi changa lisilo na ua, likate urefu wa sentimita 8 hadi 10 chini kidogo ya kifundo, kisha ondoa majani ya nusu ya chini kwa vidole. Lichomeke kwenye mchanganyiko wa nusu mchanga na nusu mboji iliyochekechwa, ukishindilia kwa kidole. Weka kivulini penye mwanga, na unyunyize maji udongo unapokaribia kukauka. Baada ya wiki nne hadi sita livute taratibu: likikataa kung'oka, limeota mizizi. Kosa la kawaida hapa ni kulivuta kila siku kuangalia, jambo ambalo hukata vile vizizi vyembamba vinavyoanza.

3. Tafuta jua. Mahali hapo pawe na jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Mbali na ukuta unaodondosha maji ya paa, mbali na mkondo wa maji ya jikoni, na si chini ya mti. Panapopita watu panafaa sana, kwa mfano pembeni mwa njia ya kuelekea mlangoni, kwa sababu kila anayepita ataigusa na kuiamsha harufu. Hata hivyo, pasiwe mahali watoto wanapochezea miguu mitupu, kwani nyuki hawatakosekana.

4. Upime udongo kwa maji. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili. Maji ya mara ya pili yakiwa yamenywewa ndani ya muda wa saa nne, panda hapo. Yakiwa bado yamesimama, usijidanganye kwamba utarekebisha kwa kuongeza mchanga shimoni, kwa maana shimo lenye mchanga katikati ya udongo wa mfinyanzi hugeuka kuwa bakuli: maji ya eneo lote hukusanyika humo, na mizizi huzama. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, au tumia chungu. Hatua hii huchukua nusu siku, wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

5. Changanya na upande. Changanya udongo wako na mchanga, vijiwe na ile mboji kidogo; ongeza chokaa au majivu ukiwa upande wa Kericho, Kisii, Kakamega au Molo. Panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho mkebeni, wala usifukie shina, kwa kuwa shina lililofukiwa huoza shingoni. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche, na kwa ile yenye meno karibu mita moja, kwani hutanuka. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno siku ya kwanza. Ivumilie, maana upepo unaopita katikati ndio unaozuia ukungu. Tandaza kokoto kuzunguka shina, usitandaze nyasi wala maranda, maana hushika unyevu pale pale usipotakiwa.

Kuhusu wakati, Nakuru panda mvua zinapoanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Oktoba, ili mvua ikusaidie kumwagilia. Kakamega, Kisii na Kericho fanya kinyume: subiri mvua kubwa zipungue, ili mche usianze maisha yake ndani ya matope.

6. Mwagilia maji mengi kwa mara moja, kisha nenda zako. Wiki nane za kwanza, mara mbili kwa wiki ikiwa mvua hainyeshi, ukimwaga maji chini kwenye udongo na kuacha majani makavu. Baadaye, mara moja kwa wiki hadi siku kumi wakati wa kiangazi, na kutomwagilia kabisa wakati wa mvua. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukihisi unyevu, rudisha maji yako. Ya chunguni hukauka upesi zaidi, hasa Kisumu, lakini kipimo ni kile kile cha kidole, na sahani ya kukinga maji chini ya chungu iondolewe.

Mbolea usiiongeze. Lavenda iliyoshibishwa mbolea hutoa majani marefu, laini, ya kijani kibichi, yenye harufu hafifu, kisha huanguka kando.

7. Pogoa, na ujue pa kusimama. Kila wimbi kubwa la maua linapokwisha, kata theluthi moja ya urefu wa matawi ya kijani, ukiupa mmea umbo la mviringo. Ukishuka na macho kwenye tawi utaona mahali ambapo ulaini wa kijani-kijivu unaishia na gamba gumu la kahawia linaanza. Simama vidole viwili juu ya hapo. Ukikata ndani ya sehemu ngumu isiyo na majani, mara nyingi haitachipua tena, na utabaki na kisiki. Mmea usiopogolewa nao hujifungua katikati kama kiota kilichoachwa, na ndani kunabaki vijiti vitupu.

8. Vuna kabla maua hayajafunguka yote. Hapa ndipo uzuri wa kazi unapoonekana. Tazama suke kwa karibu: tumba zimepangika kwa duara, ngazi juu ya ngazi, zikiwa za zambarau iliyokolea. Vuna ngazi moja au mbili za kwanza zinapofunguka, wakati zilizobaki bado zimefumba. Ukisubiri hadi zote zifunguke, harufu nyingi itakuwa imepotea, na maua yatapukutika wakati wa kukausha. Kata asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, na ukate pamoja na kikonyo kirefu.

9. Kausha gizani. Funga mashada madogo ya vikonyo 50 hivi kwa rababendi, si kwa uzi, kwa kuwa vikonyo hupungua vikikauka na uzi hulegea. Yaning'inize kichwa chini mahali pakavu, penye giza na upepo: chini ya dari ya stoo, si jikoni penye mvuke na moshi. Jua hufifisha rangi na kuondoa mafuta, kwa hiyo usiyaanike juu ya bati kama mahindi. Nakuru wakati wa Januari wiki mbili zinaweza kutosha; Kisumu au Kakamega hesabu wiki tatu hadi nne. Vunja kikonyo kimoja: kikikatika kwa mlio mdogo, yamekauka, kikijikunja, bado.

10. Fikicha na uhifadhi. Viringisha shada taratibu kati ya viganja juu ya sinia au karatasi safi. Chekecha vijiti, kisha tia maua katika chupa ya kioo yenye kifuniko, iwekwe kabatini. Yakague baada ya siku tatu: ukiona mvuke ndani ya kioo, yatoe uyaanike tena kivulini kabla hayajaota ukungu.

Matumizi

Kifuko cha nguo ndicho cha kwanza, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kata kitambaa cha pamba, kiwe hata kipande cha leso iliyochakaa, ushone mfuko wa ukubwa wa kiganja, utie vijiko vikubwa vitatu au vinne vya maua makavu na uufunge. Weka kati ya shuka, kwenye sanduku la sweta, au ndani ya foronya karibu na mshono. Nondo wa nguo hawaipendi harufu hiyo, ingawa haiwaui, kwa hiyo nguo ziwe safi kwanza. Harufu inapofifia kifikiche kifuko kwa mkono, na ubadilishe maua baada ya miezi sita hadi mwaka. Mgeni anayelala kwenye shuka lililokaa na kifuko kama hicho huuliza kabla ya chai.

Mafuta ya kupaka hutengenezwa kwa kujaza chupa nusu kwa maua yaliyokauka kabisa, kumimina mafuta ya alizeti hadi yafunikwe, na kuacha mahali penye joto la kawaida kwa wiki mbili hadi nne, ukitikisa kila siku, kisha kuchuja kwa kitambaa. Maua yakiwa na unyevu hata kidogo, chupa nzima itaota ukungu. Mafuta haya ni laini na yanafaa kujipaka baada ya kuoga. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku moja.

Yale mafuta makali yanayouzwa katika vichupa vidogo ni kitu tofauti. Hupatikana kwa kupitisha mvuke ndani ya maua na kuupoza, na kilo nzima ya maua mabichi hutoa gramu chache tu. Usiyanywe, usiyapake bila kuyachanganya na mafuta mengine, uyaweke mbali na watoto na paka, na mjamzito amwone kwanza mhudumu wa afya. Nalitaja hili la gramu chache pia kwa sababu kuna watu wanaozunguka wakiwashawishi wakulima wang'oe mahindi wapande lavenda ya mafuta kwenye robo ekari. Uliza kwanza mtambo wa kukamulia uko wapi na nani atanunua. Kandokando ya Msitu wa Kakamega wapo wakulima waliofaulu kwa mmea wa kunukia wanaoukamua kwa mvuke na kutengeneza dawa ya kupaka, lakini mmea wao ni *Ocimum kilimandscharicum*, ndugu wa mrehani mwenye harufu ya kafuri, unaoikubali hali ya hewa ya pale, na wana mtambo na kikundi.

Jikoni, tumia ile yenye jani laini peke yake, nayo iwe haikupuliziwa dawa. Kijiko kidogo kimoja cha maua makavu kinatosha kikombe kikubwa cha maji moto, ukikifunika kwa dakika tano na kutia asali. Ukizidisha, chai itakuwa na ladha ya sabuni. Watu wengi hunywa kabla ya kulala na kusema huwatuliza. Nami ni mmoja wao, ila asiyepata usingizi kwa wiki nyingi aende hospitali.

Sasa mbu. Mmea uliokaa kimya dirishani hautoi harufu ya kutosha kuilinda familia. Watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima mimea hai iliyopandwa vyunguni, ikiwemo lantana na jamii ya mrehani-mwitu, wakaona ilipunguza mbu wa malaria kwa kiasi cha theluthi moja hivi. Theluthi mbili zinazobaki zinatosha kumwambukiza mtoto. Panda mimea yako, ifurahie, na usiku ulale ndani ya chandarua.

Matatizo yanayojitokeza mara nyingi

*Majani yanageuka manjano kuanzia chini na udongo ni mbichi.* Maji yamezidi. Acha kumwagilia kwa siku kumi, ondoa matandazo ya nyasi, na ukiwa na chungu chunguza kama tundu limeziba.

*Mmea wote umenyauka ghafla, ingawa unamwagiliwa.* Hili ndilo tatizo linalodanganya watu, kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hivyo mmea huonekana una kiu na mwenyewe huongeza maji. Jirani yangu mmoja aliniita akilia kwamba jua limemchomea lavenda yake ya miaka miwili. Tuliivuta kwa vidole viwili tu ikatoka. Mizizi ilikuwa ya kahawia, gamba lake likibanduka kama ganda la ndizi iliyoiva mno, na ilinuka kama tope la mtaroni. Mmea uliofika hapo hauponi. Kata vipandikizi kwenye ncha ambazo bado ziko hai, choma uliobaki, na usipande lavenda nyingine kwenye shimo hilo hilo.

*Majani mengi, maua hakuna.* Kivuli, mbolea, au ni aina inayodai baridi. Ihamishie juani kwanza, na uipe msimu mmoja kabla ya kuamua.

*Unga mweupe juu ya majani wakati wa mvua.* Ni ukungu, na hutokana na msongamano. Pogoa katikati upepo upite na uchome ulichokata.

*Povu kama mate kwenye vifundo vya matawi.* Ndani kuna mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Povu huonekana vibaya kuliko madhara yake. Lioshe kwa maji ya bomba asubuhi.

*Maua makavu hayanukii.* Yalivunwa yakiwa yamechelewa au yalianikwa juani. Hayarudi tena, yatumie kwenye mboji.

*Mmea umezeeka, umejaa vijiti.* Lavenda yenye meno huchoka baada ya miaka minne au mitano hivi katika bustani zetu. Usiikate hadi chini ukitumaini itachipua. Chukua vipandikizi kumi kutoka kwenye ncha za kijani mwezi huu, na uung'oe mmea wa zamani vitakapokuwa vimeshika mizizi.